Fundo la Chini ya Maji

Hebu niambie, msomaji wangu: ukipewa fundo ulipapase chini ya maji, macho umeyafumba, vidole vyako vitajua kama ni lako au la mwenzako?

Vya Mwatum vilijua. Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita, juu ya kiti cha mbao katika chumba cha Bi. Fathiya kule Mbweni. Vidole viwili vya daktari vilikuwa vikipita mbele ya uso wake, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na macho yake yakivifuata vizuri tu. Mara yakasita. Akasema maneno ambayo hata yeye mwenyewe hakuyatarajia.

"Lile fundo si langu."

Bi. Fathiya hakuuteremsha mkono kwa pupa. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, buibui lake limepigwa pasi mpaka mikono inasimama wima, na kazi yake ni kutibu watu waliopatwa na mambo mazito kwa kuyaongoza macho yao. Humkalisha mtu, humwambia alishike lile jambo moyoni, aseme lina uzito gani kutoka sufuri mpaka kumi, kisha avifuate vidole. Basi. Hakuna sindano, hakuna kidonge. Wengine huingia na tisa wakatoka na tatu. Mwatum hii ilikuwa mara yake ya sita, na kila akiulizwa hesabu yake hujibu kumi.

Kwa yule aliyeanza kusoma leo, jambo lenyewe ni hili. Miaka miwili nyuma, pwani ya Jambiani, mtoto Zuleikha wa miaka mitatu alikufa maji akiwa ndani ya beseni. Mama yake, huyu Mwatum, alikuwa akifunga mwani kwenye kamba za shamba lake la baharini. Beseni liliwekwa juu ya mpira wa ndani wa tairi la gari, na mpira ukafungwa kamba kwenye kigingi ili usichukuliwe, kama wanawake wa kule wanavyoyafunga magunia yao ya mwani. Kamba ilikutwa fupi, shibiri tatu. Maji yalipojaa, mpira haukuweza kupanda nayo. Ulilala ubavu, beseni likapinduka.

Aliyefunga ni mama yake. Mji mzima ulisema hivyo. Mumewe Silima alisema hivyo, akaandika talaka. Mwatum naye alisema hivyo, na siku ya kwanza alipoulizwa na Bi. Fathiya anajionaje, hakutafuta maneno. "Mimi nimemuua mwanangu," alijibu.

Sasa mkono wake unakataa.

"Endelea na hilo," Bi. Fathiya alisema, na vidole vikaanza tena.

Mwatum akarudi chini ya maji. Mchanga umechafuka, haoni kitu. Juu yake mpira umelala na beseni halimo. Vidole vyake vinaitafuta ncha ya kamba upande wa kushoto, ambako ncha zake huwa siku zote, maana yeye hutumia mkono wa shoto. Mama yake alimfundisha kufunga alipokuwa na miaka kumi: zungusha mara mbili, pitisha kitanzi kidogo, vuta. Kwa wengine wote ncha huangukia kulia. Kwake huangukia kushoto, na wenziwe walikuwa wakimtania kuwa mwani wake umefungwa na jini.

Ncha haikuwako kushoto. Alipapasa, akapapasa, pumzi ikamwishia.

"Umeona nini?" Bi. Fathiya aliuliza.

"Iko kulia. Ncha iko kulia. Ndio maana sikuweza kulifungua." Mwatum alikuwa anapumua kama mtu aliyetoka majini sasa hivi. "Nami nlifunga pima mbili, daktari. Sasa nakumbuka nlivyonyosha mikono, mara ya kwanza, mara ya pili. Kuna mtu alikuja akaifupisha."

Unadhani Bi. Fathiya alifurahi? Hakufurahi. Alivuta kiti chake karibu akamwambia, kwa sauti ya chini, kwamba kazi hii si ya kutafuta shahidi. Kichwa cha mtu aliyeumia huweza kuchora kitu ambacho hakikuwako, hasa kitu anachokitamani. Alimwomba asiondoke nalo hilo kama ushahidi wa mahakamani. Wangelitazama tena Jumatano ijayo, polepole.

"Kichwa changu kinaweza kuchora," Mwatum alisema. "Vidole vyangu vilikuwa vinatafuta, havikuwa vinachora."

Akajifunga mtandio, akatoka.

Nje barazani Bi. Tabia alikuwa amekaa palepale anapokaa kila Jumatano. Huyu ni mama yake Mwatum, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miaka sitini na mitano, viganja vimempasuka kwa chumvi. Ndiye aliyempokea binti yake alipoachwa. Ndiye anayelala naye chumba kimoja na kumshika mikono anapopiga kelele usingizini. Na ndiye aliyesikia habari za daktari wa macho yasiyoumwa, akambembeleza mnunuzi wa mwani awachukue kwenye gari lake mpaka Mbweni kila wiki. Akingoja, husuka ukili wa mkeka. Watu wa pale wameshamzoea, humwambia mkeka huo ukimalizika utatosha kutandika msikiti mzima, naye hujibu kuwa ataanza na kuwatandika wao bakora.

Leo ukili alikuwa ameuweka pembeni. Alikuwa anafunga bakuli la muhogo wa nazi kwa taitai, vile vikamba vyembamba vya kufungia mwani ambavyo mwanamke wa Jambiani havimkosi. Akazungusha mara mbili. Akapitisha kitanzi kidogo. Akavuta.

Ncha ikaangukia kulia.

Mwatum alisimama mlangoni akiitazama ile ncha.

"Mmemaliza mapema leo," Bi. Tabia alisema. "Muhogo nshaufunga, utakula njiani."

"Lifungue hilo fundo, mama. Kisha ulifunge tena, nami nikiona."

"Wataka nikufundishe upya, mtu mzima weye?"

Lakini alilifungua, akalifunga. Ncha kulia. Hapo Mwatum akakaa karibu naye akamweleza yote, pima mbili, shibiri tatu, vidole vilivyopapasa pasipo na kitu. Mikono ya Bi. Tabia ilitulia juu ya bakuli. Halafu akacheka, kicheko kidogo, kikavu.

"Nusu ya wanawake wa Jambiani fundo hili nimewafundisha mimi. Weye peke yako ndiye uliyelifanya la kijini."

Kweli. Mwatum alihisi kifua kikimlegea. Nusu ya Jambiani. Basi anaweza kuwa yeyote, na siku ile aliyekuwa majini karibu naye ni mmoja tu: Ulfat, shoga yake, mwenye safu ya mwani iliyopakana na yake. Ulfat aliyefundishwa kufunga na Bi. Tabia huyuhuyu. Ulfat ambaye tangu matanga hajatia mguu nyumbani kwao, na wakikutana kisimani hutazama ndoo yake.

Kumbe ndio maana.

Mwatum akatoa simu. Miaka miwili alikuwa hana wa kumkasirikia isipokuwa mkono wake mwenyewe. Sasa hasira ilimpanda na joto lake, na nikwambie kweli, ilimpendeza. Uso ukapata damu. Mgongo ukanyooka. Bi. Tabia alimtazama binti yake akirudi kuwa mtu, dakika moja ile, kwa jambo la uongo.

Bi. Tabia angeweza kunyamaza tu. Ulfat angebebeshwa lawama, na Jambiani kungekuwa na fitina ya miezi mitatu kisha watu wakatafuta nyingine. Simu iliita mara ya kwanza. Ikaita ya pili.

"Kata simu," Bi. Tabia alisema. "Si Ulfat."

Mwatum aliikata.

Sitakuandikia yote aliyoyasema, maana aliyasema yakiwa yamevunjikavunjika, akiuvuta ukili na kuuacha. Siku ile alikuwa amewaambia watu wote kuwa yumo kitandani na homa, na kweli alikuwa nayo. Lakini homa ilimpungua, akapika uji, akashuka pwani na chupa ili mwanawe apate cha moto. Akaukuta mpira unayumba kuelekea mkondoni, pale maji yanapopita kwa nguvu. Kamba ndefu. Mtoto amelala ndani ya beseni, kidole gumba mdomoni, kofia ya ukili imemfunika uso. Mwatum yuko mbali, ameinama, mgongo juu. Akamwita. Upepo ukalichukua jina.

Basi akaifupisha. Miaka thelathini amefupisha kamba za magunia, gunia lisiende mkondoni. Gunia likizama kidogo maji yakijaa hakuna hasara, mwani ni ule ule. Mkono ulifunga kama ulivyozoea kufunga. Alikusudia kumfuata Mwatum amwambie, akakumbuka maharage aliyoyaacha jikoni, akasema moyoni atarudi sasa hivi. Chupa ya uji akarudi nayo, hakuiacha. Ndio maana hapana aliyejua kuwa alishuka.

"Nliyaepua maharage," Bi. Tabia alisema. "Nikakaa kidogo nipumzike homa. Kidogo tu, mwanangu."

 Mwatum alikuwa anafikiri habari za karatasi ya talaka. Silima alipoandika ile talaka hakuweza kuja nayo mwenyewe. Alimpa Bi. Tabia amfikishie, na Bi. Tabia aliipokea, akaikunja mara nne, akaja akamwekea mwanawe mapajani na kumwambia astahamili, kila jambo na wakati wake. Alikuwa anajua. Mikono miwili ile ile.

Kivuli kilipita sakafuni. Bi. Fathiya alikuwa amesimama mlangoni, na kwa uso wake ilionekana ameshasikia vya kutosha. Hakusema pole. Aliwaomba wote wawili waingie ndani.

Sasa wewe hapo ulipo umeshapumua, sivyo? Unasema alhamdulillahi, mwana wa watu ametoka lawamani, sasa atapona. Hata Bi. Fathiya, pamoja na masomo yake yote, nadhani alikuwa na tumaini hilo hilo. Alimkalisha Mwatum, akamwacha anywe maji, akamwuliza lile swali lake la siku zote. Zile habari za fundo na za Zuleikha, sasa hivi, kutoka sufuri mpaka kumi, zina uzito gani?

 Mwatum alikuwa mtu mwaminifu, alitaka kutoa jibu la haki. Alijipapasa shingoni, mahali ambapo donge hukaa. Alijitazama vidole.

"Kumi," alisema.

"Unajua sasa kuwa si mkono wako."

"Najua."

"Na bado kumi?"

"Bado amekufa, daktari."

Bi. Fathiya aliandika kitu kwenye daftari lake, akakikata, hakuandika kingine. Akainua vidole viwili, akamwuliza kama yuko tayari kwa mara moja zaidi. Mwatum alijaribu. Macho yake yalikwenda kushoto, yakaenda kulia, kama mtu anayetazama watu wakipita barabarani asiowajua. Hakuona kitu. Maji yalikuwa yamejifunga mbele yake.

Ndipo Bi. Tabia akafungua mdomo tena, na laiti angeufumba. Alitaka kujitetea. Alitaka wajue kuwa hakukaa na jambo lile peke yake bila ya kulisema kwa mtu. Alilisema, siku ile ile.

"Nshamwambia mwenyewe," alisema. "Zuleikha. Wakati wa kumuosha."

Mwatum aligeuka.

Bi. Tabia akaeleza. Mtoto alipoletwa nyumbani, Mwatum alikuwa ameshikwa na wanawake watatu, anapiga kichwa ukutani. Wakauliza mama yake ataosha au la. Bi. Tabia ndiye aliyejibu. Aliwaambia huyu akili haimo, atajidhuru, mtieni chumba cha ndani mfunge mlango, mimi bibi yake ntamuosha. Akawatoa wenziwe wote isipokuwa mwenye kumtilia maji, bibi kizee mmoja asiyesikia. Kila alipomwaga maji juu ya kichwa kile kidogo alimwambia: ni mimi, mjukuu wangu, ni bibi yako, nisamehe. Kulia, kisha kushoto. Akamkausha, akamtia kafuri, akamvalisha sanda. Jeneza lilipotoka, mlango wa chumba cha ndani ulikuwa bado umefungwa kwa nje. Ulifunguliwa wanaume waliporudi makaburini.

"Nlitaka nimwambie mimi kabla hajenda," Bi. Tabia alisema. "Ungekuwapo weye nsingeweza."

Msomaji wangu, kwa wiki zote hizi nimekuandikia uso wa Mwatum kuwa ni kama ukuta uliopakwa chokaa. Leo ulibomoka. Si aliposikia habari za kamba. Ni hapa.

Lakini hakulia wala hakumshika mama yake. Aliinua mkono wa kushoto, ile alama waliyopatana na Bi. Fathiya siku ya kwanza, kwamba akiinua mkono kila kitu kisimame. Bi. Fathiya akasimama. Bi. Tabia hakuijua alama ile, akazidi kusema. Atakwenda kwa sheha, mkuu wa mtaa. Atasimama mbele ya watu Ijumaa. Atamwambia Silima, na Silima atamrejea mkewe, na mambo yatatengenea. Tena atamwambia sasa hivi. Vidole vyake vikavu vikaanza kubonyeza kisimu chake cha vitufe, naye anakitazama kwa mbali kwa sababu hakuja na miwani.

"Usimpigie, mama," Mwatum alisema.

Ilikuwa imeshaita.

Silima siku hizi yuko Kizimbani, kibarua katika mashamba ya karafuu. Aliiacha bahari mwezi ule ule wa msiba, akauza nyavu, akahamia mahali ambapo hata ukipanda juu ya mti huoni maji. Tangu talaka, yeye na Mwatum hawajasemezana neno moja.

"Naam," ilisema sauti yake. Nyuma yake walisikika watu wakichekeana na kitu kikichekechwa. "Shikamoo, mama."

Bi. Tabia alifungua kinywa kuitikia marahaba. Haikutoka. Alijaribu tena, akatoa pumzi tupu. Miaka miwili aliweza kuliweka neno lile ndani, na sasa alipotaka kulitoa, likakataa kutoka. Akamtazama binti yake kwa macho ya mtu anayezama, akamnyooshea simu.

Mwatum aliipokea. Nadhani aliipokea kwa sababu tu ilikuwa mbele yake.

"Mama? Kuna nini huko, kuna maradhi?"

"Ni mimi," Mwatum alisema.

Kicheko cha nyuma kikawa mbali. Silima alikuwa ameondoka alipokuwa, nyayo zake zilisikika juu ya majani makavu. Zikasimama. 

Bi. Tabia alikuwa anaashiria kwa mikono miwili, mwambie, mwambie, akijipiga kidole kifuani, ni mimi, mwambie ni mimi. Bi. Fathiya alikuwa amesimama katikati ya chumba na mkono wake nusu njia, hajui auteremshe au auinue. Kwa maneno manne tu Mwatum angejitoa lawamani. Angesema: si mimi niliyeifupisha kamba. Jambiani nzima ingemwomba radhi kabla ya magharibi.

"Mwatum," Silima alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka kubeba kitu asichojua atakitua wapi. "Miaka yote hii. Wataka nini kwangu?"

Hapana mtu aliyewahi kumwuliza hivyo. Walimwuliza alifungaje, alikuwa wapi, alikuwa akitazama nini. Bi. Fathiya alimwuliza ameona nini, uzito gani, wapi mwilini. Anachokitaka hakuna aliyemwuliza.

Alimtazama mama yake. Akaihamishia simu sikio la pili.

"Nlitaka nimuoshe mwenyewe," alisema. "Mwanangu. Mkono wangu umpitie mwilini mara ya mwisho. Hicho tu ndicho nlichokitaka, Silima, na mlinifungia mlango."